Tathmini ya povu la nanotyubu za kaboni: tazama mgandamizo wa pili, si wa kwanza

Povu la nanotyubu za kaboni, yaani mirija ya kaboni myembamba mno isiyoonekana kwa macho, huuzwa kwa sifa nyingi, na iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba hubonyezwa hadi likakaribia kuwa bapa, kisha likarudia umbo lake. Sifa hiyo ni ya kweli. Kipande tulichokipima ni cha aina inayoitwa msitu, yaani nanotyubu zilizooteshwa wima juu ya bamba kutokana na mvuke wenye kaboni, zikasongamana na kupindana hata zikashikana zenyewe, ingawa sehemu kubwa ya ujazo wa kipande hicho ni hewa.

Kikigandamizwa polepole, kipande hupita hatua tatu ambazo anayeyafahamu mapovu ya plastiki atazitambua mara moja: kwanza mkazo, yaani nguvu kwa kila kipimo cha eneo, hupanda kwa uwiano na kiasi cha kubonyea, kisha kipande huendelea kubonyea kwa kitambo huku mkazo ukiongezeka kidogo tu, na mwishowe, nafasi za hewa zinapokwisha, mkazo huruka juu ghafla. Hatua ya kati ndiyo anayoilipia mnunuzi, kwa kuwa humo ndimo nishati nyingi ya mshtuko humezwa. Nanotyubu hujikunja pamoja kama marinda, na mikunjo huanzia chini, karibu na bamba, ambako kwa kawaida msongamano ni mdogo, kisha hupanda tabaka baada ya tabaka. Kwa hiyo namba moja ya ugumu iliyochapishwa kwenye karatasi ya maelezo haitoshi, maana kipande hakina ugumu mmoja toka chini hadi juu.

Karatasi hiyo ina kasoro kubwa zaidi panapohusu nishati, kwa sababu imeonyesha grafu ya mgandamizo wa kwanza pekee. Katika mgandamizo huo nanotyubu huachana, husuguana na kujipanga upya, na baadhi ya mikunjo haifunguki yote. Nishati inayopotea huwa nyingi kuliko katika mizunguko inayofuata ya kubonyeza na kuachia, ambamo nishati hiyo hupungua kisha ikatulia. Kipande chetu kilifanya hivyo hivyo. Mhandisi atakayekokotoa kinga ya kifaa chake kwa grafu ya kwanza atakuwa amejihesabia ulinzi asiokuwa nao, na ni heri aligandamize povu mara kadhaa kabla ya kulifunga mahali pake.

Baada ya hapo, uimara wake ni wa kustaajabisha. Mwaka 2005 watafiti waliripoti katika jarida la Science kwamba tabaka za namna hii zilibonyezwa kwa zaidi ya asilimia 85 na kurudi kwa kasi iliyozidi milimita 2 kwa sekunde, na mwaka 2007 majaribio mengine yalivuka mizunguko 500,000 bila povu kushindwa. Kuhusu joto, povu la jamii hii lililotengenezwa Japani lilidumisha mnyumbuko wake kuanzia nyuzi −196 hadi 1,000 za Selsiasi, jambo lisilofikiriwa kwa poliyurethani, plastiki ya mapovu ya kawaida. Wauzaji hupenda kusahau kwamba kaboni huungua katika hewa yenye oksijeni kabla ya kufika huko.

Kwa vyombo vinavyohitaji wepesi pamoja na kustahimili joto au baridi kali, ningelinunua. Kwa ufungashaji wa kawaida, povu la plastiki linatosha kabisa. Pasipo gundi madhubuti lisifungwe mahali linaposukumwa ubavuni, kwa kuwa mshiko wake na bamba lililooteshewa ni dhaifu na hubanduka kwa urahisi.