Trekta la kukata nyasi: tazama gurudumu la nyuma kabla ya kufungua boneti

Malalamiko ya wenye mashine za kukata nyasi za kuketi yanafanana mno. Asubuhi, ikiwa baridi, inavuta bila shida. Ikishafanya kazi nusu saa, inafika kwenye mteremko uleule iliyoupanda mwanzoni na kukwama: injini inaunguruma kama kawaida, visu vinazunguka, lakini magurudumu hayaendi. Mkanda unabadilishwa, hali inabaki ileile. Mara nyingi mita inasoma saa 300 au 400 tu, na injini ingeweza kufanya kazi nyingi zaidi. Kilichokufa ni giaboksi ya haidrostati (inayozungusha magurudumu kwa shinikizo la oili), ile iliyoungwa na ekseli ya nyuma ndani ya ganda moja la alumini.

Kwa hiyo hapa sitaanza na nguvu za farasi wala upana wa kukata. Upana utaupata mwenyewe ukipima uwanja na geti lako. Nguvu za farasi ni namba inayopendwa na wauzaji kwa sababu ni rahisi kuibandika kwenye boneti. Umri wa trekta unaamuliwa nyuma, chini ya kiti, mahali ambapo karibu hakuna mnunuzi anayeinama kutazama.

Hesabu saa, si miaka

Miaka haisemi kitu. Anayekata nyasi saa 30 kwa mwaka na anayekata saa 150 wanaweza kununua mashine moja siku moja, mmoja akaitumia miaka 15 na mwenzake miaka 3, na wote wawili wamepata haki yao. Kwa kawaida mashine ya bei ya chini yenye silinda moja hutoa saa 300 hadi 500. Yenye silinda mbili na giaboksi nyepesi hufika 500 hadi 800. Trekta la bustani la kweli, lile lenye ekseli nzito ya kubeba mzigo, hupita 1,000, na likitunzwa hufika 2,000. Lenye injini inayopozwa kwa maji huenda mbali zaidi ya hapo.

Zipo namba mbili ambazo watengenezaji wenyewe wameziandika, na muuzaji hazitaji.

Ya kwanza iko kwenye kibandiko cha moshi kilicho juu ya injini za soko la Marekani. Kwa injini za sentimita za ujazo 225 na zaidi, herufi C ina maana ya saa 250, B saa 500, na A saa 1,000. Huo ni muda ambao injini imethibitishwa kubaki ndani ya viwango vya moshi, si tarehe yake ya kufa, ila unaonyesha imejengwa kwa matarajio gani. Injini mbili zenye nguvu zilezile, moja C na nyingine A, si ndugu.

Ya pili ni dhamana. Chukua John Deere, tena katika soko hilohilo la Marekani: safu ya S100 hupewa miaka 2 au saa 120, X300 miaka 4 au saa 300, X500 miaka 4 au saa 500, X700 miaka 4 au saa 700, chochote kitakachotangulia. Rangi ni moja, nembo ni moja, na kampuni yenyewe inakwambia kwa maandishi kwamba hizi ni mashine nne tofauti.

Ekseli ya nyuma, ugonjwa wenyewe

Ndani ya giaboksi ya haidrostati kuna pampu ya pistoni inayosukuma oili kwenye mota ndogo, na mota inazungusha gia za ekseli. Katika zile nyepesi, kama K46 ya Tuff Torq inayopatikana kwenye mashine za kampuni nyingi, gia na pampu vinaoga oili moja. Unga wa chuma unaotoka kwenye gia unazunguka na oili hiyo hadi kwenye pampu. Kuna sumaku na wavu ndani, lakini hakuna chujio unaloweza kulifungua na kulibadilisha kutoka nje, wala bolti ya kumwagia oili. Nyuso za pampu zikishachubuka, oili baridi, kwa kuwa ni nzito, bado inashika shinikizo. Ikipata moto inakuwa nyepesi, inavujia kwenye michubuko, na nguvu inapotea. Ndiyo maana mashine inapona kila ikilala.

Joto ndilo linaloharakisha. Juu ya giaboksi kuna feni ya plastiki. Mabua ya nyasi yakirundikana pale, au meno ya feni yakivunjika, oili inapikwa. Mlima, trela lenye mchanga, na magurudumu makubwa kuliko ya kiwandani vyote vinaongeza mzigo uleule.

Wauzaji husema giaboksi hiyo "imejazwa oili ya maisha yake yote". Ni kweli, kwa maana maisha yake huishia pale oili inapoishia. Oili inaweza kubadilishwa, na afadhali ibadilishwe kabla ya saa 200, ila lazima uishushe giaboksi nzima. Inua nyuma kwa jeki na uweke stendi. Toa magurudumu, mkanda, fimbo ya pedali, fimbo ya breki na waya wa kuachia gia (unaoruhusu trekta lisukumwe kwa mkono). Fungua bolti za chesisi, ishushe, safisha sehemu ya juu kabisa ili uchafu usiingie, fungua kifuniko cha kujazia kisha uipindue juu ya ndoo na kuiacha hivyo usiku kucha. Andaa lita 3 za oili sintetiki ya 5W-50. Utatumia lita 2 na ushee, na iliyobaki ni ya kujazia.

Ukishairudisha, usiteremshe magurudumu chini kwanza. Vuta leva ya kuachia gia, washa injini kwa mwendo wa chini, kanyaga pedali mbele na nyuma polepole mara tano au sita. Rudisha leva, rudia. Kiwango kikishuka, ongeza. Ukiiacha hewa ndani, giaboksi italia na kutetemeka, na utadhani umeiharibu.

Sasa jinsi ya kulitambua trekta zito bila kuuliza mtu. Tazama katikati ya gurudumu la nyuma. Ukiona kofia ndogo ya plastiki, na chini yake kibanio cha chuma kinachozuia gurudumu lisichomoke kwenye shafti ya robo tatu ya inchi, hiyo ni mashine ya kukata nyasi tu, hata kama jina lake lina neno "trekta". Ukiona nati au bolti nne au tano zilizofunga rimu kwenye habu kama gari, uko mbele ya ekseli iliyojengwa kubeba mzigo. Rimu nayo inasema: nyepesi huwa za inchi 8, za bustani huwa za inchi 12. Kisha lala chini utazame ekseli ya mbele. Chuma cha kumiminwa ni dalili njema. Bati lililokunjwa lenye bushi za plastiki litafanya usukani uanze kucheza mapema, hasa kwa asiyepaka grisi kila saa 25.

Mpangilio wangu

Nafasi ya kwanza ni John Deere X700, na sina haya kusema naipendelea. Injini inapozwa kwa maji, nguvu inafika nyuma kwa shafti badala ya mkanda, oili ya giaboksi ina chujio linalobadilishwa. X758 ina injini ya dizeli. Anayeheshimu ratiba ya oili anaweza kumwachia mwanawe. Ubaya wake ni uzito, maana hukandamiza udongo mbichi, na kwa kiwanja kidogo ni kupoteza fedha.

Ya pili ni Kubota BX, dizeli ya silinda tatu. Kwa kweli hii ni trekta dogo la shamba linalokubali kufungwa visu vya nyasi. Kama unahitaji pia kubeba udongo kwa koleo la mbele, iweke juu ya X700. Kwa kukata nyasi peke yake, kufunga na kufungua kifaa cha visu kunachosha.

Ya tatu, na ndiyo ningemshauri mtu wa kawaida mwenye eneo kubwa, ni X500. Injini inapozwa kwa hewa, silinda mbili, lakini ekseli ni ya trekta la bustani, na ratiba yake ya matengenezo inataja oili na chujio la giaboksi. Hapo ndipo unaponunua muda.

Ya nne ni mashine za leva mbili zinazogeuka palepale zilipo, kwa uwanja tambarare. Sharti langu ni moja: iwe na giaboksi za Hydro-Gear ZT-2800 au kubwa zaidi, ambazo zina chujio nje, si zile nyepesi za EZT. Kifuniko cha visu kiwe cha bamba lililochomelewa. Kumbuka kwamba namba ya geji ikipungua bati linakuwa nene: geji 12 ni karibu milimita 2.7, geji 10 ni 3.4, geji 7 ni karibu 4.6. Kwenye mteremko wenye umande, achana nazo.

Ya tano ni mashine ya silinda mbili yenye K46. Kwenye tambarare, bila trela, feni ikisafishwa, inatosha. Usiifunge jembe.

Zilizobaki, za silinda moja na bei ya kuvutia, hazihitaji maneno mengi. Nyingi zinatoka kiwanda kimoja zikibadilishiwa rangi na boneti; Cub Cadet na Troy-Bilt, kwa mfano, zote ni za kampuni ya MTD, ambayo tangu 2021 iko chini ya Stanley Black & Decker, wenye jina la Craftsman pia. Kulipia rangi ni hiari yako.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba maelezo ya bidhaa yatakutajia kishikilia kikombe, taa, na mwinuko wa kiti, lakini jina la giaboksi hulipati. Likifichwa, ichukulie kuwa ni nyepesi.

Kuukuu dhidi ya mpya

Trekta la bustani lililotumika saa 600 nalipendelea kuliko jipya la bei hiyohiyo lenye bati jepesi. John Deere 318, iliyotengenezwa kati ya 1983 na 1992, bado inakata nyasi, na spea nyingi zinapatikana.

Ukienda kukagua, mwambie mwenye nalo asiliwashe kabla hujafika. Gusa injini, ikiwa ya moto, kuna jambo anaficha. Washa ikiwa baridi. Stata ikikwama nusu mzunguko kisha ikaendelea, mara nyingi ni nafasi za valvu zimepanuka, kazi ndogo ya kupima na kukaza. Ondoa kava la feni ya injini utazame mapezi: nyasi iliyoganda humo hupandisha joto na kuunguza gasketi ya kichwa cha silinda. Shika ncha ya kila kisu, injini ikiwa imezimwa na waya wa plagi umetolewa, uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi za shafti zimekwisha, na mara nyingi chanzo ni kuosha kwa maji ya kasi.

Mwisho, lifanyishe kazi dakika 30 kamili, kisha ulipeleke kwenye mlima. Simama katikati, anza tena kupanda, halafu urudi nyuma kupanda vilevile. Likisita, hakikisha leva ya kuachia gia imerudi yote ndani na mkanda haujalegea. Kama vyote viko sawa na bado linasita, punguza bei kwa gharama ya giaboksi nzima mpya, au funga mlango wa gari uondoke.