Jua langu kwenye kalenda ya watu: uzoefu wangu wa kuweka picha Flickr na kwingineko

Januari moja nilikuwa kwa kinyozi Sinza, shuka shingoni, mashine imeshapita upande mmoja wa kichwa. Nikainua macho kwenye kioo nikaona picha yangu. Simaanishi sura yangu, namaanisha picha niliyoipiga mimi. Ilikuwa kwenye kalenda ya duka moja la vifaa vya ujenzi, imetundikwa nyuma yangu pembeni ya bango la mitindo ya nywele. Mitumbwi miwili, mawingu ya rangi ya papai, maji ya Coco Beach yametulia. Chini yake wameandika kwa herufi za dhahabu: "Machweo ya Coco Beach".

Machweo! Mtu aliyelala Dar hata usiku mmoja anajua bahari yetu iko mashariki. Jua la Coco linatoka majini, halizami majini. Siku ile niliamka saa kumi alfajiri, nikapanda bodaboda na stendi ya kamera begani, nikakaa kwenye mawe hadi saa kumi na mbili na kitu. Halafu mtu ofisini kwake akaligeuza jua langu likawa la jioni.

Nilivyoruka kwenye kiti, kinyozi alidhani amenikata.

Nilirudi nyumbani nimevimba, nikitafuta wa kumshtaki. Nikamkuta: ni mimi. Picha ile nilikuwa nimeipandisha mwenyewe kwenye mtandao mmoja wa picha za bure, nikabonyeza "nakubali" bila kusoma mstari hata mmoja. Mitandao ya aina hii, Unsplash ikiwa ndiyo maarufu zaidi, inampa kila mtu ruhusa ya kutumia picha hata kwa biashara, bila kuomba na bila kulazimika kutaja jina la mpigaji. Kinachokatazwa ni kama kuichukua picha na kuiuza vilevile ilivyo. Sasa kalenda ya duka nani anaiuza? Unapewa bure ukinunua saruji. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inanilinda, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo, lakini ukishafungua mlango na kutundika kibao cha "karibuni wote", huwezi kumwitia mgambo mgeni aliyekaa kwenye kochi.

Nalisimulia hili kwanza kwa sababu vijana wanaonisaidia kwenye harusi huniuliza kila mara: "Kaka, hivi kuweka picha kwenye hayo matovuti kuna faida yoyote, au tunawatajirisha wazungu tu?" Jibu langu limebadilika mara kadhaa tangu 2013, mwaka niliponunua kamera ya Nikon D7100 iliyokwisha kutumika na kufungua akaunti ya Flickr, tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha picha. Mwaka huohuo Flickr, ikiwa bado chini ya Yahoo, ilitangaza nafasi ya terabaiti moja bure kwa kila mtu. Kwa mtu wa Dar, terabaiti ya bure ni kama kupewa shamba Ifakara: lako kweli, ila nauli ya kufika ni juu yako. Picha moja ya kamera ile ina megapikseli 24 na faili lake linapita megabaiti kumi. Nilikuwa nikinunua bando la usiku, natega alamu saa saba, napandisha picha huku nasinzia.

Miaka ya mwanzo nilifukuzia macho ya watu. Flickr wana ukurasa unaoitwa Explore, ambapo mfumo wao huchagua picha 500 kila siku. Yangu moja ilichaguliwa: wapagazi wa Kariakoo wamebeba marobota kichwani, vumbi limeshika mwanga wa asubuhi. Ndani ya siku mbili ilitazamwa mara nyingi kuliko picha zangu zote za nyuma zikijumlishwa. Nilimwonyesha mke wangu, nikawaonyesha majirani. Wiki iliyofuata nilipiga hesabu ya kilichoingia: pongezi kwa Kihispania, mialiko ya kujiunga na vikundi vyenye nembo za kumetameta, na wateja sifuri. Hakuna aliyekuwa Madrid akitafuta mtu wa kumpigia send-off Tabata.

500px, tovuti nyingine ya picha, nilikaa muda mfupi. Picha za pale ni kali mno, unajisikia kama umeingia kwenye sherehe na ndala. Mwaka 2018 ilinunuliwa na kampuni ya China, Visual China Group, na mwaka huohuo ikafunga soko lake la kuuzia picha na kuondoa leseni za Creative Commons, zile zinazomruhusu mtu yeyote kutumia picha yako kwa masharti unayochagua. Sikuwa nimeuza kitu, hivyo sikulia.

Kuhusu mawakala wa kuuza picha kwa rejareja, nitasema kifupi maana hata mfuko wangu ulisema kifupi. Kwa wakala mmoja niliweka picha 140 na kwa miaka miwili nikapata dola kumi na moja na senti. Wanaofaidi huko wana maelfu ya picha na wanafanya kazi hiyo tu. Mtu ajue pia mgao ulivyo: Shutterstock, kwa mfano, tangu Juni 2020 humwanzishia mpiga picha kwenye asilimia 15, na hata akipanda ngazi, kila Januari anarudishwa chini kuanza upya. Mimi ubarikio mmoja wa Kimara unanilipa zaidi ya hapo, na wali nakula.

Harusi nazo? Hizo zinakuja kupitia Instagram, na nitakuwa mwongo nikisema vinginevyo. Bi harusi anaona picha ya rafiki yake, anabonyeza jina langu, ananitumia ujumbe saa tano usiku kuuliza bei. Lakini Instagram ni daladala: abiria anapanda, anashuka, kesho hamkumbukani. Picha inapunguzwa hadi upana wa pikseli 1080, taarifa za ndani ya faili kama jina la mpigaji zinavuliwa, na baada ya siku tatu imeshafunikwa na picha mpya. Mtu anayetafuta picha ya miaka saba nyuma hataipata humo, labda uwe unamjua mwenyewe na ushuke ukurasa wake hadi kidole kiote sugu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nisifute akaunti ya Flickr.

Mwaka 2014 nilikuwa Kariakoo nikisubiri fundi amalize kusafisha lenzi yangu iliyoota ukungu. Kwa kupoteza muda nikaingia Soko Kuu, nikaanza kulipiga paa. Wanaolikumbuka wanajua: nguzo za zege zinazopanda na kufunguka juu kama miavuli, mwanga ukipenya katikati yake. Baba yangu mdogo, aliyekuwa fundi zege enzi zake, aliwahi kuniambia, "Hilo paa usilichukulie poa. Kalichora Beda Amuli, mtu wetu kabisa, tena wakati wasomi wa majengo Waafrika unawahesabu kwa vidole." Usiku, nilipokuwa napandisha zile picha, neno lake likanijia. Badala ya kuziacha na majina yake ya kamera, DSC na tarakimu nne, nikaandika: paa la Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, kazi ya mbunifu majengo Beda Amuli, miaka ya 1970. Nikarudia hayohayo kwa Kiingereza changu cha kuombea maji.

Kwa miaka saba picha zile zilitazamwa mara sitini na moja. Mara sitini na moja! Nadhani ishirini kati ya hizo ni mimi mwenyewe.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko likaungua. Mnakumbuka moshi ule. Miezi miwili baadaye nikapata barua pepe kutoka kwa mama mmoja wa Ujerumani, mtafiti wa majengo ya Afrika ya baada ya uhuru. Alitafuta jina la Amuli, likamleta kwangu. Alitaka picha sita, zikiwa na ukubwa wake kamili, na aliuliza bei kabla mimi sijafungua mdomo. Hapo jasho likanitoka, maana diski yangu ya nje ilikuwa imeanguka sakafuni tangu 2017 na kufa na kila kilichokuwamo. Nikaingia Flickr, nikabonyeza kupakua faili halisi. Zikashuka zote sita, kila pikseli mahali pake, kama vile nilizipiga jana.

Alinilipa dola 180. Kwa bei ya dola ya wakati ule ni laki nne na kidogo, kwa picha nilizopiga nikisubiri lenzi. Baada yake wamekuja wengine watatu kwa njia ileile: mmoja alitaka nyumba za zamani za Mtaa wa India, mwingine kituo cha mwendokasi Gerezani, mwingine picha ya wauza kahawa na vibirika vyao. Hakuna hata mmoja aliyevutiwa kwanza na ufundi wangu wa mwanga. Waliandika maneno kwenye kisanduku cha kutafutia, na maneno yale yalikuwa chini ya picha zangu.

Tangu hapo nimetumia usiku mwingi kuliko ninavyopenda kukiri nikirudi nyuma na kuandika maelezo: mtaa gani, mwaka gani, jengo la nani, chombo kile kinaitwaje. Ngalawa niandike ngalawa, mtumbwi niandike mtumbwi. Vijana wangu wanaandika "vibe la Jumapili" halafu wananiuliza kwa nini hawaonekani.

Nikilazimishwa kutoa nyota, Flickr naipa nne. Nyota iliyobaki naizuia kwa sababu ya historia. Ilinunuliwa na SmugMug, kampuni nyingine ya picha, Aprili 2018, na mwishoni mwa mwaka huo ikatangaza kwamba akaunti ya bure haitazidi picha 1,000. Waliozidisha wakaambiwa kwamba mwaka uliofuata wataanza kufutiwa, kuanzia picha za zamani, isipokuwa zile zilizokuwa na leseni ya Creative Commons kabla ya tarehe 1 Novemba 2018. Mimi nilikuwa na mia nane na sabini na kitu, nikapona kwa uvivu wangu. Kabla yake, mwaka 2017, Photobucket, tovuti nyingine ya kuhifadhi picha, waliamka siku moja wakataka dola 399.99 kwa mwaka kwa mtu anayeonyesha picha zake kwenye tovuti nyingine, na picha za watu zikageuka vibao vitupu dunia nzima. Kwa hiyo sasa nalipia Flickr kwa kadi ya mtandaoni ninayoijaza kwa simu, na nina diski mbili, moja iko kwa dada yangu Mbagala. Ghala la kupanga ni zuri, ila mwenye nyumba ana lake kichwani.

Kuna jingine, na hili halihusu pesa.

Soko la Samaki Feri, upande wa wakaangaji, kuna mama mmoja nilimpiga picha 2016. Mvuke wa mafuta, uso umekunjwa, mkono umeinua changu mzima kutoka kwenye karai. Nikaiweka na leseni ya Creative Commons, nikijiona mkarimu. Miaka ikapita. Mwaka 2019 ikatoka habari kwamba IBM walichukua takriban picha milioni moja za watu kutoka kwenye mkusanyiko wa picha za Flickr zenye leseni hizo, uliotolewa na Yahoo mwaka 2014, ili kuifundisha kompyuta kusoma nyuso. Picha yangu ni ya baada ya mkusanyiko ule, kwa hiyo mama hakuwamo. Lakini usingizi ulipungua. Ruhusa ile nilikuwa nimeitoa mimi, kwa uso usio wangu.

Nikaenda Feri na simu mkononi. "Shikamoo mama. Unaikumbuka hii?" Akafuta mikono kwenye khanga, akaitazama kwa muda mrefu. "Marahaba. Mwanangu, hii sura yangu umeipeleka wapi?" Nikajaribu kumweleza: iko kwenye tovuti, mtu yeyote duniani anaweza kuiona na kuitumia. "Na mimi uliniuliza saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Niliifuta palepale mbele yake, ingawa najua ukishaitoa leseni, aliyekwisha kuchukua amechukua. Siku hizi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kwa mtu wa kazi yetu ni vizuri kuisoma, lakini swali la mama yule lilinitosha.

Picha za watu ninazoweka sasa zina haki zote zimehifadhiwa, na mwenye uso ameulizwa. Majengo, mitaa na vyombo vya bahari naachia Creative Commons kwa sharti la kutajwa jina, kwa kujua ninachokitoa. Picha za maharusi sipandishi huko kabisa, hizo ni za familia.

Mwaka jana nilipita tena Feri kununua kibua. Mama akaniita mwenyewe. Alikuwa amesikia kutoka kwa mwanawe kwamba watu wanatafuta vitu huko mtandaoni na kuvipata. "Haya, nipige," akasema, akivuta kitambaa kichwani vizuri. Nilipiga picha kama nane, nikamwonyesha moja baada ya nyingine, akachagua ya tatu. Nikamuuliza niandike nini chini yake.

"Andika nakaanga changu na pweza, jiko la pili ukitokea upande wa maji. Na uandike ni asubuhi, mchana sipo."