Mikono ya juu ya kurekebishika kwa pikapu iliyoinuliwa: inatibu kasta, si kila kitu

Pikapu ikiinuliwa mbele milimita 50 hadi 75, iwe kwa spesa au kwa springi ndefu, kipimo kinachoumia zaidi ni kasta, yaani jinsi mhimili wa stelingi unavyolalia nyuma. Mkono wa juu, chuma kinachounganisha chesisi na sehemu ya juu ya tairi la mbele, unainamia chini, bolijointi yake (kiungo cha tufe cha mwishoni) inahama, na mhimili wa stelingi unasimama wima kuliko alivyokusudia aliyeusanifu. Dereva analijua hilo barabarani: gari linatangatanga likiwa kwenye mwendo, na usukani ukiuachia baada ya kona haurudi katikati wenyewe. Mafundi wengi hukimbilia kurekebisha tou, yaani matairi ya mbele kuelekea ndani au nje kwa mbele, kwa sababu ndiyo rahisi. Tou ikikaa sawa tairi litaacha kuliwa, lakini kutangatanga kutabaki palepale.

Mikono tunayoizungumzia hapa ni ile ambayo bolijointi inakaa kwenye mfereji mwishoni mwa mkono. Unalegeza nati kubwa, unaisogeza bolijointi kuelekea nyuma kupata kasta, au ndani na nje kupata kemba (tairi kulalia ndani au nje kwa juu), kisha unakaza. Inafaa pikapu zenye koili mbele na mikono miwili kila upande, kama Hilux ya kuanzia 2005 au Tacoma. Ipo pia mikono isiyorekebishika, ambayo imeshaongezewa digrii kadhaa za kasta kiwandani. Hiyo ni imara na haina cha kuteleza, ila ukibadilisha kimo cha gari baadaye huna pa kugusa. Kwa mtu anayebeba winchi au bampa ya chuma, na kimo chake hakijatulia, yenye mfereji ndiyo tunayoipendekeza.

Usinunue kabla ya kuona karatasi ya vipimo vya alaimenti, yaani pembe za matairi. Gari lililoinuliwa chini ya milimita 40 mara nyingi hurudi kwenye vipimo kwa bolti za kemu zilizopo kwenye mkono wa chini, ambazo ukizizungusha huusogeza mkono huo. Tatizo la bolti hizo ni kutu: hushikana na bomba la ndani la bushi (kishikio cha mpira cha mkono), ukilazimisha kwa spana unazungusha bushi nzima na kuichana mpira. Zipulizie mafuta ya kupenya siku moja kabla. Zikikataa kabisa, zinakatwa, na bushi mpya zinahitajika. Hakikisha pia masikio ya chesisi yanayoishika kemu hayajapinda, maana yakipinda kipimo kitahama kwenye shimo la kwanza, hata kama umeweka mikono ya bei gani.

Kwenye kufunga, bolti ndefu ya mkono wa juu wa Tacoma hugonga ukingo wa bati la ndani ya fenda inapotolewa. Kunja ukingo huo kidogo, toa bolti, urudishe. Kama bushi ni za mpira, usikaze bolti gari likiwa kwenye jeki. Mpira umeshikana na chuma pande zote, kwa hiyo ukikazwa tairi likining'inia, utabaki umejisokota gari likishuka na utachanika mapema. Kaza likiwa limesimama kwa matairi yake, kwa torki spana, kwa kipimo cha mtengenezaji. Nati ya bolijointi yenye pini: tundu lisipolingana, ongeza kukaza kidogo hadi lilingane, usilegeze kamwe.

Kabla ya kwenda kwenye mashine ya alaimenti, liache tairi lining'inie, zungusha stelingi mwisho hadi mwisho, uangalie nafasi kati ya mkono na koili, bomba la breki na waya wa ABS. Mkono wa kiwandani hugusa koili hapo, na kutoigusa ndiyo faida ya pili ya mikono hii. Kama mkono mpya nao unagusa, kuna kitu hakilingani na springi zako.

Kwenye alaimenti utaratibu una uzito wake. Upepo wa matairi uwe sawa, bolijointi, tairodi endi (ncha za fito zinazogeuza matairi) na beringi zisiwe na mchezo, gari libonyezwe mara kadhaa springi zitulie. Weka kemu za chini katikati, kisha tafuta kasta kwa mfereji wa juu. Umbali kati ya bolijointi ya juu na ya chini ukiwa milimita 400, kila digrii 1 ya kasta ni karibu milimita 7 za kusogeza, kwa hiyo huhitaji kwenda mwisho wa mfereji. Lenga digrii 3 hadi 4, tofauti ya kushoto na kulia isizidi nusu digrii. Kemba iwe kati ya sifuri na nusu digrii hasi, malizia kwa kemu. Tou ni ya mwisho kabisa, usukani ukiwa umefungwa katikati, kwa sababu kila ulichogusa juu kimeibadilisha. Jumla ya milimita 1 hadi 2 kuelekea ndani inatosha.

Wenye matairi makubwa wawe makini. Kuirudisha nyuma bolijointi ya juu hulisogeza tairi nyuma kidogo pia, na linaweza kuanza kusugua mwili wa gari kona ikikatwa. Chukua sehemu ya kasta kwa kuusogeza mkono wa chini mbele.

Udhaifu wa aina hii ni huo huo mfereji. Uchafu au rangi nene kati ya nyuso mbili huifanya nati ionekane imekaza wakati haijashika. Safisha hadi chuma kitupu, kaza, chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye mkono. Mstari ukivunjika, bolijointi imehama. Chagua pia bolijointi yenye nipeli ya kutilia grisi. Ile ya chuma kwa chuma isiyo na mpira wa kuziba hubeba pembe kubwa, lakini vumbi huifanya ilie na kuisha haraka.

Mikono hii haigusi pembe ya draivu shafti wala ya tairodi, kwa hiyo stelingi inayocheza kila ukipita tuta haitaondoka. Springi mpya hushuka kidogo, hivyo rudia vipimo na ukazaji baada ya kilomita 1,000.