Mwaka mmoja na kampuni ya kusambaza muziki mtandaoni: uzoefu wangu kutoka Mbeya

Ninaimba kwa kujitegemea hapa Mbeya, sina meneja wala lebo, na kwa mwaka mmoja uliopita nimetumia huduma ya kampuni moja ya nje inayopokea nyimbo za wasanii na kuzifikisha kwenye majukwaa ya kusikilizia muziki kama Spotify, Boomplay na Audiomack kwa ada ya mwaka. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa yaliyonipata yanaweza kumpata msanii katika kampuni yoyote ya aina hiyo.

Kazi ya kupeleka wimbo wanaifanya vizuri. Nilipakia faili la sauti la WAV nililopewa na prodyuza wangu wa Soweto ya hapa Mbeya pamoja na jalada la pikseli 3,000 kwa 3,000 (picha ya mlima Loleza ukiwa umefunikwa na wingu, maana fedha ya kumlipa mpiga picha sikuwa nayo), na kampuni ikatoa yenyewe ISRC, yaani utambulisho wa herufi na tarakimu 12 ambao rekodi hubaki nao popote inapopelekwa. Siku nne baadaye wimbo ulikuwa hewani, ila kwenye ukurasa wa msanii mwingine mwenye jina kama langu! Ilinichukua takribani wiki tatu za kuandikiana na huduma kwa wateja, ambao mwanzoni walinitumia majibu yaleyale wanayomtumia kila mtu, hadi uliporudishwa kwangu. Anayeanza leo atafute kwanza kama jina lake lina mwenyewe kabla ya kulichapa kwenye jalada.

Kosa langu kubwa lilikuwa kudhani kwamba wimbo ukishafika dukani umeshatangazwa. Kampuni hii ni karani wa ghala, si mpiga debe. Spotify humruhusu msanii kuupendekeza wimbo kwa wahariri wake kabla haujatoka, na anayewahi angalau siku 7 huwa na hakika kwamba wanaomfuata watauona katika orodha yao ya nyimbo mpya za wiki. Mimi, kwa haraka ya kuiwahi Pasaka, nikaweka tarehe ya kesho yake na nafasi hiyo ikanipita. Isitoshe, tangu 2024 Spotify hailipi chochote kwa wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12, na kanuni hiyo ilinitia hofu hata nikamlipa wakala mmoja aliyenifuata kwa ujumbe akiniahidi wasikilizaji halisi. Idadi ilifura kama maziwa jikoni. Wiki chache baadaye kampuni ikaniandikia kwamba usikilizaji ule ulikuwa wa bandia na wimbo umeondolewa, na wakala hapatikani hadi leo. Kampuni siilaumu kwa hilo, kwa sababu wasambazaji nao hutozwa fedha Spotify inapogundua udanganyifu wa wazi.

Wimbo wa pili niliutangaza kwa miguu yangu. Niliuweka kwenye flashi, nikawapa vijana wa vibanda vya kuingiza nyimbo Mwanjelwa, madereva wa bajaji wa Kabwe, na madereva wa malori wanaopumzika Uyole wakielekea Tunduma, kila mmoja nikimwachia kikaratasi chenye jina la wimbo na langu kama yanavyoandikwa mtandaoni. Mwezi uliofuata, ukurasa wa takwimu wa kampuni ulionyesha Lusaka, mji ambao sijawahi kuukanyaga wala kuulipia tangazo, ikiwa ya tatu nyuma ya Dar es Salaam na Mbeya. Hapo ndipo nilipoanza kuiona thamani ya ada yangu, kwa maana bila takwimu hizo nisingejua kwamba barabara ya TANZAM, ile ya malori ya kwenda Zambia, inanifanyia kazi, na sasa ni malori ninayoyapa kipaumbele.

Mapato bado hayajafikia kiwango cha chini cha kutoa, na taarifa za fedha huchelewa kwa miezi kadhaa. Hata hivyo nimelipia mwaka wa pili, ingawa kuna kifungu kinachonikera: nikiacha kulipa ada, nyimbo zote zinaondolewa. Kwa sababu hiyo nimehifadhi faili zangu za WAV na kuandika kila ISRC kwenye daftari, ili nikihamia kwa msambazaji mwingine nizipakie kwa utambulisho uleule na hesabu ya waliokwisha kusikiliza isianze upya.