Niliitazama The Wedding Banquet pamoja na shangazi

Filamu ya The Wedding Banquet, ambayo kwa Kiswahili tungeiita Karamu ya Harusi, ilitoka mwaka 1993, lakini mimi niliiona kwa mara ya kwanza majira ya baridi yaliyopita, katika ukumbi mdogo wa sinema hapa Berlin wenye viti visivyozidi 80 na joto lisilotosha, ambako filamu za zamani huonyeshwa kwa lugha zake za asili na tafsiri ya Kijerumani kuandikwa chini ya picha. Nilikwenda na shangazi yangu, muuguzi mstaafu aliyezaliwa Tanga na kuishi Ujerumani kwa zaidi ya miaka 30. Nakiri kwamba sikumweleza mapema kuwa ni filamu ya kuchekesha inayowahusu mashoga wawili. Nilimwambia tu kwamba ni filamu ya harusi, na shangazi hajawahi kuikataa harusi. (Neno lenyewe lilituchekesha baadaye njiani, kwa maana kwao Tanga shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke, na shangazi ana mashoga zake anaowapigia simu kila Ijumaa.)

Kisa chenyewe ni hiki. Wai-Tung ni Mtaiwani aliyefanikiwa jijini New York kwa biashara ya majumba ya kupangisha, na anaishi na mpenzi wake Simon, Mmarekani anayefanya kazi ya tiba ya viungo. Maisha yao yametulia, isipokuwa kwamba wazazi walioko Taiwan wanataka mkwe, na baada ya mkwe wanataka mjukuu. Wanamwandikisha kwa watafuta wachumba; yeye anajaza masharti ambayo anaamini hayawezekani, akitaka mwanamke mrefu, mwimbaji wa opera, mwenye shahada za uzamivu na lugha kadhaa, na wazee wanahangaika hadi wanakaribia kumpata. Hapo Simon ndiye anayeleta wazo: Wei-Wei, mchoraji kutoka China bara anayepanga katika jengo la Wai-Tung na kushindwa kulipa kodi, anahitaji hati za kuishi Marekani, basi waoane kwa karatasi, kila mtu apate haja yake, na wazee watulie huko waliko.

Wazee hawatulii. Wanapanda ndege wakaione ndoa ya mtoto wao, na wanachokiona ni shughuli ya dakika chache mbele ya msajili, jambo linalomliza mama hadharani. Kisha katika mgahawa wanakokwenda kula, mwenye mgahawa anamtambua baba kuwa kamanda wake wa zamani jeshini, maana yeye alikuwa dereva wake. Anaona haya kwa niaba ya mkubwa wake na kujitolea kuandaa karamu kamili. Mtu yeyote aliyewahi kukaa katika kamati ya harusi atakitambua kinachofuata: meza zisizohesabika, wageni ambao bwana harusi hawajui, pombe, michezo ya kuwaaibisha maharusi, na hatimaye kundi zima linalowavamia chumbani hotelini na kukataa kutoka mpaka wawili hao waingie chini ya shuka na kutupa nje nguo zao moja baada ya nyingine. Mwongozaji mwenyewe, Ang Lee, anaonekana kwa sekunde chache kama mgeni mwalikwa, akimweleza mtu wa meza yake kwamba anayoyaona ni matokeo ya miaka 5,000 ya kubana matamanio. Ukumbi mzima ulicheka. Shangazi alicheka mpaka akatoa leso.

Kicheko kilikatika katika tukio linalofuata. Wageni wameondoka, Wai-Tung amelewa, na Wei-Wei anamwendea. Wai-Tung anamkataza, kisha hamkatazi tena, na filamu inahamia asubuhi. Mimba inatungwa usiku huo. Ninaisema hatua hii waziwazi kwa sababu ndiyo iliyowagawa watazamaji kuliko nyingine yoyote tulipobaki ukumbini baada ya taa kuwashwa, kwani mwenye sinema huruhusu mazungumzo ya nusu saa. Msichana mmoja aliyekaa mbele yetu alisema kwamba leo hakuna mwandishi ambaye angethubutu kulifanya tendo hilo kuwa daraja la hadithi bila kuliuliza swali, na akaongeza kwamba Wei-Wei naye ametumiwa na kila mmoja: na mwenye nyumba kwa ajili ya ndoa, na wazee kwa ajili ya mjukuu, na mwandishi kwa ajili ya mwisho mzuri. Nakubaliana naye kuhusu lile tendo. Kuhusu Wei-Wei sikubaliani naye sana, kwa sababu ni yeye anayeamua, akiwa njiani kwenda kuitoa mimba, kwamba hataitoa, na ni yeye anayemwomba Simon awe mmoja wa baba wa mtoto. Hata hivyo ni kweli kwamba tunamjua kidogo mno. Michoro yake tunaiona ikipokewa badala ya kodi na kuning'inizwa ukutani, lakini hatuambiwi anataka kuchora nini maishani.

Mzee mmoja Mjerumani alikuwa na maoni ya namna nyingine. Alisema aliiona filamu hii mwaka uleule wa 1993, iliposhinda Dubu wa Dhahabu katika tamasha la hapa Berlin, tuzo ambayo iligawanywa kati yake na filamu nyingine kutoka China bara. Wakati huo, alisema, alikuwa akizika rafiki baada ya rafiki kwa Ukimwi, na kila filamu aliyoijua yenye watu kama yeye ilimalizikia hospitalini au makaburini. Hii ilimalizika kwa mama mjamzito na wanaume wawili wanaopanga kulea. Hakusema zaidi, wala hakuna aliyemwuliza zaidi.

Nifike sasa kwa baba, kwa sababu bila yeye nisingeandika maoni haya. Sihung Lung anaigiza askari mstaafu mwenye afya dhaifu, ambaye kwa sehemu kubwa ya filamu huketi, husinzia, hula na kusema machache. Nyumbani kwa Wai-Tung picha zote zimebadilishwa ukutani kabla wazee hawajafika. Simon ndiye mpishi, lakini chakula kinaletwa mezani kama kazi ya mikono ya bibi harusi, ambaye hajui kupika. Kisha inakuja asubuhi ya kifungua kinywa ambapo habari ya mimba inalipuka, na vijana watatu wanagombana mbele ya wazee kwa Kiingereza, wakizitoa siri zao zote kwa sauti ya juu, wakiamini kwamba Kiingereza ni pazia. Baba anaendelea kula.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa kwa atakayetaka kuitazama ni huu: usiikubali nakala iliyotiwa sauti ya lugha nyingine. Filamu hii ni nusu Kichina na nusu Kiingereza, na utani wake, pamoja na maumivu yake, vimejengwa juu ya nani anaelewa lugha gani na wakati gani. Wote wakisemeshwa Kijerumani, kama nilivyosikia katika nakala moja ya zamani niliyoazimwa baadaye, ule ugomvi wa mezani hauna maana yoyote, na mzee anaonekana kiziwi tu. Tafsiri ya Kiswahili sijaiona popote, hivyo atakayeitazama atahitaji Kiingereza cha kusoma haraka.

Wai-Tung anamweleza mama ukweli hospitalini, baba akiwa amelazwa baada ya kupatwa na kiharusi kidogo, na mama, huku akilia, anaagiza kwamba mumewe asiambiwe kamwe. Siku chache baadaye baba anakaa na Simon karibu na maji, anampa bahasha nyekundu yenye fedha, na kumwambia kwa Kiingereza kilichovunjika kwamba yeye hutazama, husikia na hujifunza. Anajua. Alijua siku nyingi. Naye anamwomba Simon asimwambie yeyote, si mama wala Wai-Tung. Halafu anasema kwa Kichina, lugha ambayo Simon haifuati, kwamba kama asingewaacha wamdanganye asingempata mjukuu.

Hapo ndipo shangazi aliponiinamia na kuninong'oneza, “Mwanangu, huyo mzee kala chake kimya kimya.” Nilimwomba anyamaze, lakini sijapata kusoma uchambuzi uliolisema jambo hilo kwa usahihi zaidi. Kijana mmoja wa Taiwan aliyekuwapo alieleza kwamba bahasha ya namna hiyo wazee huwapa watu wao, na kwamba kwake yeye ndiyo harusi ya kweli katika filamu nzima, kwa kuwa Simon amepokewa kama mtoto wa nyumba. Msichana wa mbele alimjibu kwamba kupokewa kwa sharti la kunyamaza si kupokewa. Walibishana kwa adabu, na nadhani wote wawili wako sawa, jambo ambalo ni sifa ya filamu kwa sababu haimlazimishi mtazamaji kumchagua mmoja. Sisi tuliolelewa kwa kusitiriana tutaielewa huruma ya mzee haraka, na pengine kwa sababu hiyohiyo tutachelewa kuuona ukatili wake.

Mapungufu yapo. Filamu ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 1, na fedha hizo chache zinaonekana katika mwanga wa vyumba na katika sauti, ingawa iliingiza zaidi ya dola milioni 23 duniani na kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Simon amepewa subira nyingi na historia kidogo, hata hatujui wazazi wake mwenyewe wanasemaje. Robo ya kwanza inachelewa kuwaka. Pia wapo watakaosema imepitwa na wakati, kwa kuwa New York ilihalalisha ndoa za jinsia moja mwaka 2011 na Taiwan mwaka 2019, ikiwa ya kwanza barani Asia, na leo Wai-Tung angeweza kumwoa Simon mbele ya msajili yuleyule. Nilijiuliza hivyo pia, nikaitazama nyumbani filamu ya 2025 ya jina hilohilo, iliyoongozwa na Andrew Ahn na kuhamishiwa Seattle, ambamo kuna wapenzi wawili wa kiume na wawili wa kike, na mtoto anatafutwa kwa matibabu ya uzazi. Inawatendea wanawake haki zaidi, na bibi mzee aliyemo ni mwerevu. Lakini uongo humo haudumu, na mimi nilimkosa yule mzee anayekula.

Ya mwaka 1993 ninaipa nyota nne kati ya tano. Si ya kuwawekea watoto wadogo, na ukiitazama pamoja na wazazi wako, kaa mahali ambapo huwezi kuwaona nyuso.

Katika mwisho wake, wazazi wanarudi Taiwan. Uwanjani wanafungua albamu ya picha za harusi, wanaagana, na baba anapopita kwa mkaguzi wa usalama anainua mikono yote miwili juu, polepole, picha ikiwa imepunguzwa mwendo. Kijana wa Taiwan alisema ni askari anayesalimu amri. Mzee Mjerumani alisema ni baraka. Shangazi, aliyekuwa ameshavaa koti, aliulizwa naye anaonaje, akajibu kwa Kijerumani chake cha wodini kwamba mzee anapekuliwa, basi, na kwamba yeye alitaka kujua jambo jingine ambalo filamu imelikimbia: mtoto akishazaliwa, baba wawili na mama mmoja mchoraji, nani ataamka kumtazama saa nane za usiku? Watu walicheka. Yeye hakuwa anatania, na katika treni ya kurudi aliniuliza tena.