Jaguar I-Pace, Audi Q8 e-tron na BMW iX: gharama ya kuchaji na masafa kwa uzoefu wangu

Ninaishi Leicester, Uingereza. Nilikuwa na Jaguar I-Pace, sasa ninaendesha BMW iX xDrive50, na mara kwa mara huazima Audi Q8 e-tron 55 la shemeji yangu. Kwa kuwa nimeyatumia magari yote matatu, ambayo ni ya umeme, katika barabara zilezile, ninaweza kusema kwamba tofauti ya gharama kati ya gari na gari ni ndogo mno ukiilinganisha na tofauti kati ya kuchaji nyumbani na kuchaji safarini.

Nyumbani nina chaja ya kilowati 7.4 na mkataba wa umeme wa usiku wa peni 7 kwa uniti, yaani kwa kilowati-saa moja. BMW, ambalo kwenye barabara kuu hula uniti 24 hivi kwa kilomita 100, hunigharimu chini ya pauni 2 kwa umbali huo, hata nikihesabu asilimia 10 ya umeme unaopotea kati ya mita na betri. Katika vituo vya chaja za kasi, ambako uniti moja huuzwa kwa karibu peni 80, umbali huohuo hunigharimu pauni 19, ilhali SUV ya dizeli inayokunywa lita 8 ingetumia mafuta ya pauni 11 hivi. Sehemu ya pengo hilo ni kodi, kwani VAT ya umeme wa nyumbani ni asilimia 5 na ya kituo cha umma ni asilimia 20. Anayeishi kwenye fleti isiyo na maegesho yake simshauri anunue gari la namna hii kwa nia ya kubana matumizi.

Hata mwenye chaja nyumbani asidhani kwamba betri ya uniti 105 itajaa kwa bei hiyo ya usiku kila siku. Bei nafuu hudumu kwa muda wa saa 6, na katika muda huo betri hupokea uniti 40 tu, ambazo ni safari ya kilomita 160.

Kuhusu masafa, BMW lilitangazwa kwa zaidi ya kilomita 600 kwa kipimo cha WLTP, yaani kipimo rasmi cha maabara. Kwa mwendo wa kilomita 112 kwa saa mimi hupata 440 wakati wa joto, na katika baridi kali ya Januari hushuka hadi 360. Audi lina betri ya uniti 106, lakini hula uniti 27, kwa sababu umbo lake hukata upepo kwa shida zaidi. Jaguar lilitangazwa kwa kilomita 470, nami wakati wa baridi sikuthubutu kupanga zaidi ya 270.

Hata hivyo, safarini Audi ndilo linalonifurahisha. Kwenye chaja ya kasi, BMW hufikia kilowati 195 kisha hupunguza kasi mapema, wakati Audi, ambalo kilele chake ni 170 tu, hukaa karibu na kilele hicho kwa muda mrefu, hivyo kutoka asilimia 10 hadi 80 huchukua dakika 31 dhidi ya 35 za BMW. Jaguar, lenye kikomo cha kilowati 100, lilinipa muda wa kula, kunywa chai na bado kusubiri. Malipo yamekuwa rahisi tangu Novemba 2024, sheria ilipolazimisha chaja za kasi kupokea kadi ya benki, kwani zamani kila kampuni ilikudai programu yake ya simu.

Ndugu zangu wa Kenya huniuliza kama BMW lingetoka Mombasa hadi Nairobi bila kusimama. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, ningekadiria uniti 22 kwa kila kilomita 100, na kwa kilomita 480 hizo ni uniti 105, yaani betri nzima. Kupandisha tani mbili na nusu hadi mwinuko wa Nairobi kungedai uniti 12 nyingine. Kuteremka kutoka Nairobi hadi Mombasa kungewezekana, kwa kuwa mota hurudisha sehemu ya umeme huo, lakini kabla ya kupanda ningetaka kuwa na uhakika wa chaja ya kasi inayofanya kazi njiani, Voi au Mtito Andei.