Wiki nane katika darasa la gitaa, Ng'ambo, Tabora

Nilijiunga na darasa hili, ambalo hufanyika katika chumba cha nyuma cha nyumba moja ya Ng'ambo, baada ya kuhangaika miezi sita na video za kwenye simu, zilizoniachia maumbo kama ishirini ya kodi (zile za muziki, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, si za nyumba) bila wimbo hata mmoja ambao ningeweza kuupiga hadi mwisho. Ada ni shilingi 60,000 kwa wiki nane, Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa kumi na mbili na nusu. Wapo wanaoniuliza kama fedha hiyo inarudi.

Kwa mwanafunzi wa aina yangu inarudi, kwa sababu mwalimu hutumia muda mwingi zaidi kwenye kuhama kutoka kodi moja hadi nyingine kuliko kwenye kodi zenyewe. Siku ya kwanza alitupa kodi mbili tu, C na A maina, akatuonyesha kwamba kidole cha shahada hubaki palepale kwenye uzi wa pili, freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa), na kidole cha kati hubaki kwenye uzi wa nne, freti ya pili. Kinachohama ni kidole cha pete peke yake, kutoka uzi wa tano, freti ya tatu, kuja uzi wa tatu, freti ya pili. Kodi hizo nilizijua tangu zamani, lakini kila nilipohama nilinyanyua mkono mzima na kuupanga upya, kama mtu anayeshuka baiskeli kila anapofika kwenye kona. Jioni ile yote tulihamisha kidole hicho kimoja kwa mapigo 60 ya dakika, tukiyahesabu kwa mguu sakafuni, na aliyekosea hakuruhusiwa kusimama. "Iliyokosewa imeshapita," alikuwa akisema, "wahi inayokuja."

Wiki ya pili tuliingia kwenye G, C na D, yaani kodi ya kwanza, ya nne na ya tano katika ufunguo wa G (ngazi ya sauti inayoanzia G), na alipoongeza E maina tukapata mfuatano wa G, E maina, C, D, ambao ukishauzoea utaushtukia kwenye nyimbo za kwaya, za harusi na za redioni. Alisisitiza tuzitaje kodi kwa namba zake, jambo ambalo mwanzoni niliona ni mbwembwe za kiualimu, mpaka dada mmoja wa kwaya alipotuambia kwamba G inamshusha mno na anataka kuimbia A. Aliyekuwa akifikiri kwa namba alijua mara moja kwamba G, C na D zinakuwa A, D na E; wengine tulisubiri kapo (kibanio cha nyuzi), ambayo ikibanwa freti ya pili huipandisha sauti kwa kiasi hichohicho huku vidole vikiendelea na maumbo yaleyale ya G. Kapo ilikuwa moja kwa watu tisa. Kijana mmoja aliilaza penseli juu ya nyuzi na kuifunga kwa mpira wa kufungia noti, na ilifanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia.

F, ambayo imewakatisha tamaa wengi kwa kuwa kidole cha shahada hulazimika kubana nyuzi zote sita, ilikuja wiki ya tano katika umbo lake dogo la nyuzi nne, ambapo kidole hicho hubana mbili tu. Huo ulikuwa uamuzi wa busara.

Vifaa ndivyo vinavyoliangusha darasa. Kati ya magitaa matano ya pale, mawili hayashiki tyuni, na yote nyuzi zake zimekaa juu mno, kiasi kwamba mwanafunzi mgeni hudhani udhaifu ni wa vidole vyake. Karatasi za nyimbo nazo zimenakiliwa vibaya, hivyo herufi za kodi zimesogea na kukaa juu ya maneno yasiyo yake, na anayezifuata kwa macho huhama silabi mbili kabla ya wakati.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba kipindi kilichonivutia kuliko vyote kiliachwa kiwe cha mwisho. Alikuja mzee mmoja aliyewahi kupiga gitaa la rithimu kwenye bendi ya dansi, tukampa shikamoo zetu, akaketi, akachukua C, F na G zilezile na, badala ya kuzikwaruza zote pamoja, akazidonoa noti mojamoja katika mzunguko usiokatika, huku mwalimu akizipiga kodi hizohizo juu kabisa ya shingo ya gitaa lake. Kodi tatu za kitoto zikageuka muziki wa kuchezwa. Mji huu umezitoa bendi za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz; kuutengea upigaji wa namna hiyo jioni moja kati ya kumi na sita ni ubahili.

Nilimweleza mwalimu hayo, akajibu kwamba wengi huja wakitaka kusindikizia kwaya na hawana subira ya kudonoa. Awamu ijayo huenda akakitenga kiwe kipindi cha Jumamosi, kwa ada yake. Atakayejiandikisha abebe gitaa lake kama analo, kwani hupunguziwa shilingi 10,000, na afike mapema, kwa sababu robo saa ya kwanza huishia kwenye kutyuni yale magitaa mawili yasiyoshika tyuni.